Juu ya Herufi za Vyeti Vyetu



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya herufi. Najua wako watakaocheka. Gazeti hili limezoea kupokea maoni juu ya chakula cha bwalo, juu ya mpira, na juu ya wale wasiorudisha vitabu vya maktaba. Na mtu anayeomba kurasa nzima aeleze umbo la A na umbo la N ataonekana amekosa kazi. Lakini mimi ndiye niliyepanga vyeti vya Siku ya Zawadi mwaka jana, na yaliyotokea siku ile mliyaona kwa macho yenu, ninyi mliokuwako. Ndugu zetu waliosoma hapa zamani, ambao hawakuwako, nitawaeleza.

Mgeni wa heshima alikuwa akipewa cheti kimoja kimoja, asome jina, kisha mwenye jina aende mbele kupeana naye mkono. Vyeti vya kwanza vilikwenda vizuri, kwa kuwa vilikuwa vya watu wa kidato cha sita, na Mkuu wa Shule alikuwa akimnong'oneza. Kisha ikafika zamu ya watoto wa kidato cha kwanza, ambao hata Mkuu mwenyewe hajawazoea. Mgeni akakishika cheti, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Akasoma jina. Hakusimama mtu. Akalisoma mara ya pili, safari hii namna nyingine, na watu wakaanza kucheka. Mara ya tatu hakusoma. Alikiweka cheti kando, akachukua kingine.

Mtoto mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, alikuwa ameketi safu ya tatu, shati limepigwa pasi, akingoja jina lake. Babu yake alikuwa nyuma chini ya hema. Alikuja kwa basi kutoka Arua, akasafiri usiku kucha. Cheti kile mtoto alipewa ofisini jioni, bila makofi.

Nilipopita penye mwembe wa langoni nilimkuta yule mzee akingoja gari, nikamwamkia. Akaniuliza, "Mwanangu, jina lile la mwisho walilolisoma, ni la mtoto wa nani?" Nikamwambia, "Babu, ni la mjukuu wako." Akatikisa kichwa. "Sivyo," akasema. "Mjukuu wangu ana jina la baba yangu. Ningelisikia ningelisimama." Hakusema kwa hasira, na hakujua ya kuwa anayezungumza naye ndiye aliyeliharibu jina lile. Sikumwambia. Namwambia leo, kama gazeti hili litafika kwake.

Basi, nililiharibu kwa namna gani? Jina lilikuwa limeandikwa sahihi, sikukosea hata herufi moja. Nilikesha usiku mbili katika chumba cha kompyuta, nikivipanga vyeti sitini na tatu, na Mkuu wa Shule alivikagua akavisifu. Kosa lilikuwa katika aina ya herufi na jinsi nilivyoitumia.

Herufi yenyewe inaitwa Monotype Corsiva. Ninyi nyote mnaijua hata kama hamjui jina lake. Ndiyo ile iliyolala kidogo upande wa kulia, nyembamba hapa na nene pale kama iliyoandikwa kwa kalamu iliyokatwa bapa, na herufi zake kubwa zina mikia na mikono. Imo katika kadi za harusi. Imo katika karatasi za ibada ya maziko. Imo katika vyeti vya mafunzo ya kushona na ya udereva, na juu ya milango ya saluni. Kompyuta nyingi zenye programu za ofisi za Microsoft zinayo, na kijana yeyote aliyeambiwa "tengeneza kitu chenye heshima" huiendea mbio, kama nilivyofanya mimi. Naipenda hata sasa. Mtu asidhani ninaandika haya kwa kuichukia.

Lakini tazameni desturi yetu nyingine. Hapa Uganda, na vilevile kwa jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Congo, mara nyingi jina la kwetu twaliandika kwa herufi kubwa tupu, na jina la ubatizo kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza. Desturi hii ni njema: karani hujua mara moja lipi ni la kuorodhesha. Nami niliifuata bila kufikiri. Nilichukua majina yale marefu ya kwetu, yenye herufi nane, tisa, kumi, nikayapanga yote kwa herufi kubwa za Corsiva. A ikatupa mguu wake kushoto ukamkanyaga jirani, N ikanyosha mkono juu ya herufi iliyoitangulia, I na J zikawa kama mapacha. Kwenye kompyuta yalionekana kama vazi la arusi. Mkononi mwa mgeni, penye jua, yakawa kama miiba ya mchongoma.

Nilikwenda kwa Bruda wetu wa karakana ya useremala, kwa maana ndiye pekee hapa anayeandika mwandiko wa namna hii kwa mkono. Wazee waliosoma zamani watakumbuka ya kuwa vyeti vyao viliandikwa majina na yeye. Nilimwonyesha kimoja cha vile vyangu. Akakitazama kitambo, akauliza:

"Umepanga herufi kubwa tupu?"

"Ndiyo, Bruda. Ndiyo desturi ya majina."

"Herufi hizi kila moja ni nahodha," akasema. "Wewe umeunda timu ya manahodha kumi na mmoja, halafu washangaa hawapeani mpira."

Kisha akanifundisha historia ya mwandiko huu, nami nikaendelea kuisoma katika vitabu vyake. Naomba mnivumilie, maana ndiyo iliyonigeuza mawazo. Mimi nilidhani mwandiko huu ulibuniwa kwa ajili ya mapambo: wafalme, maharusi, na vyeti. Kumbe ulizaliwa kwa sababu ya kazi na haraka.

Katika mji wa Florence, Italia, alikuwako mtu aitwaye Niccolò Niccoli, aliyekufa mwaka 1437. Alipenda vitabu vya kale, na siku zile hapakuwa na njia ya kuvipata ila kuvinakili kwa mkono. Mwandiko uliosimama wima huchosha, maana kalamu huinuliwa kila mara. Niccoli akaandika kwa haraka, herufi zikalala kidogo na kusongamana, kalamu ikaenda bila kuinuka mara kwa mara. Baadaye makarani wa Papa katika ofisi ya nyaraka huko Roma wakautumia mwandiko wa namna hiyo kwa barua zake. Fikirini kazi yao: barua nyingi, kwa maaskofu na wafalme wa nchi za mbali, na msomaji hawezi kurudi Roma kuuliza neno hili ni nini. Barua isiyosomeka ingekuwa hasara kwa aliyeiandika na kwa aliyeipokea. Kwa hiyo mwandiko ulipaswa kuwa mwepesi kwa mkono na wazi kwa jicho. Uzuri ulikuja pamoja na hayo mawili.

Karani mmoja wa ofisi ile aliitwa Ludovico degli Arrighi, mtu wa Vicenza. Yeye ndiye aliyetoa kitabu kidogo, *La Operina*, chenye tarehe ya mwaka 1522, cha kumfundisha mtu yeyote mwandiko huu. Kurasa zake hazikupangwa kwa herufi za risasi. Zilichongwa katika mbao na fundi Ugo da Carpi, maandishi yote yakichongwa kinyumenyume ili yatoke sawa karatasini. Bruda wetu, kwa kuwa ni seremala, hapo ndipo anaposimama na kuvuta pumzi. Bila shaka angepatana na marehemu Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alikuwa mwandishi hodari wa hati za Kiarabu na tena mchonga mbao. Arrighi mwenyewe aligeuka mpiga chapa, akawa na herufi zake za risasi kuanzia mwaka 1524. Mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano yaliuteka mji wa Roma na kuupora, na tangu hapo habari za Arrighi hazionekani tena. Lakini mwandiko wake haukupotea pamoja naye.

Kabla yake, huko Venice, mpiga chapa Aldus Manutius alikuwa amekwisha kutia mwandiko wa namna hii katika risasi. Fundi wake Francesco Griffo alizichonga herufi, na mwaka 1501 wakatoa kitabu cha mashairi ya Virgil, kitabu kidogo cha kushikika mkononi, chote kwa herufi za mlazo tangu mwanzo hata mwisho. Hapa rafiki yangu mmoja wa meza ya pili alinirukia: "Waona! Kitabu kizima kilichapwa hivyo, na watu walisoma. Kwa nini wewe walia kwa ajili ya jina moja?" Nilifurahi aliponiuliza, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimeliona katika picha ya ukurasa wa kitabu chenyewe. Herufi ndogo za Aldus zimelala, lakini herufi zake kubwa zimesimama wima, fupi, hazina mkia wowote. Herufi yenye mikono ilikuwapo katika mwandiko wa mkono, nayo iliwekwa peke yake mwanzoni mwa sentensi au mwa jina, ikiwa na nafasi ya kujinyosha, na nyuma yake zikafuata ndogo zilizotulia. Katika kurasa za Arrighi nilizoziona, mapambo hukaa pembeni, juu ya mstari na chini yake, mahali penye nafasi. Hayakai katikati ya neno.

Nitapita upesi karne nne, maana sina mengi ya kusema juu yake. Herufi za mlazo zikawa mtumishi wa herufi za wima: kutia mkazo neno moja, kutaja jina la kitabu, basi. Katika karne iliyopita walitokea watu waliourudia mwandiko wa makarani wa Roma. Mmoja wao alikuwa Hermann Zapf, aliyezaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1918, akafa mwaka 2015. Alitaka kuwa mhandisi wa umeme. Lakini baba yake alipata matatizo na serikali ya Hitler, na mlango wa chuo ukafungwa kwa kijana. Akatiwa katika kazi ya kusahihisha picha za chapa. Mwandiko alijifunza mwenyewe jioni kwa kufuata vitabu viwili, kimoja cha Edward Johnston Mwingereza, kimoja cha Rudolf Koch Mjerumani. Habari hii nawapa hasa wenzangu wanaosema hawana mwalimu wa jambo fulani.

Mwaka 1979 ilitolewa herufi aliyoichora, ITC Zapf Chancery, na jina hilo la pili maana yake ndiyo ile ofisi ya makarani. Mwaka 1986 kampuni ya Apple ilipotoa mashine ya chapa iitwayo LaserWriter Plus, Zapf Chancery ilikuwamo miongoni mwa aina 35 za herufi zilizowekwa ndani yake. Hivyo ikaenea ofisini duniani kote. Corsiva niliyoitumia mimi ilichorwa baadaye na bibi mmoja wa kampuni ya Monotype huko Uingereza, Patricia Saunders. Upana wa kila herufi yake ni ule ule wa Zapf Chancery, ili ukiiweka moja mahali pa nyingine mistari isibadilike. Kwa hiyo kile kitu kinacholala juu ya kadi ya harusi ya shangazi yako ni mjukuu wa karani wa Papa. Nani angedhani?

Sasa nije kwenye hoja yangu. Herufi hii twaitumikisha kwa kazi isiyo yake. Kazi yake ni neno moja au mstari mmoja mkubwa: jina la shule juu ya cheti, neno "Cheti" lenyewe, au "Kwa heshima twakualika". Hapo macho yana nafasi ya kutazama, na hakuna anayehitaji kulisoma neno ili alijue. Sote twajua tumepewa cheti. Lakini jina la mtu ndilo neno pekee katika cheti kizima ambalo msomaji hawezi kulibahatisha. Maneno mengine yote, hata yakifutika nusu, utayajazia kwa akili. Jina la kijana wa Arua mbele ya mgeni wa Kampala, au jina la Mganda mbele ya karani wa Bujumbura, hulijazii kwa akili. Ama umelisoma, ama hukulisoma. Nasi neno hilo ndilo tulilolitia miiba kuliko yote.

Tena madhara yake hayaishii Siku ya Zawadi. Ndugu yetu mmoja wa kidato cha sita alikuja hapa akiwa na cheti cha namna hii hii alichopewa mahali pengine, nami sipataji. Kilipopelekwa penye ofisi fulani, karani alisoma T mahali pa F, akaandika hivyo katika kitabu chake. Likawa ndilo jina. Kulirudisha kulihitaji hati ya kiapo mbele ya wakili, nauli mara tatu, na mbuzi mmoja wa mama yake kuuzwa. Mbuzi mzima kwa mkia wa herufi moja! Mwenyewe husimulia akicheka, lakini namwona huwa hacheki anapofika penye mbuzi.

Nimejadiliana na wengi juu ya jambo hili bwenini, na sipendi kuficha ya kuwa wengine walinishinda kwa sehemu. Mmoja alisema, "Herufi za wima ni za risiti ya duka. Baba yangu alilipa karo miaka sita; cheti kitakachotundikwa ukutani kwake kiwe na sura ya risiti?" Hili sikuweza kulitupa. Nyumbani kwetu pia kuna ukuta, na juu yake kuna cheti cha dada yangu ndani ya kioo, na mama hukipangusa kila Jumamosi ingawa hajui kusoma. Kwake yeye mikia ile ndiyo cheti. Mtu asimpokonye mama heshima hiyo kwa sababu ya ujuaji wa mtoto wa shule.

Mwingine alileta hoja ya kisasa zaidi: mwandiko mgumu haughushiwi. Akatoa mfano wa Waturuki wa Osmani, ambao ofisi ya Sultani wao ilikuwa na mwandiko wake uitwao diwani, uliosongamana na kupindana hata mtu wa nje ashindwe kuongeza neno katikati au kuliiga. (Neno hilo sisi twalitumia kwa mjumbe wa baraza na kwa kitabu cha mashairi, sikujua ya kuwa ni jina la mwandiko pia.) Mfano ni wa kweli, lakini umemgeukia mwenyewe. Diwani ulilinda waraka kwa sababu mikono iliyoweza kuuandika ilikuwa michache na ilijulikana. Corsiva inaandikwa na mkono gani? Na kila mwenye kompyuta. Mwizi wa vyeti anayo, tena huenda anaijua kuliko mimi. Tumechukua taabu ya mwandiko mgumu, na ulinzi wake hatukuupata.

Kwa Kiswahili neno hati ni mwandiko wa mtu, na tena ni waraka wenye nguvu ya sheria. Wahenga wa pwani hawakuona haja ya maneno mawili. Nadhani waliona sawa: waraka uliaminika kwa sababu mkono ulioandika ulijulikana, kama vyeti vya zamani vya shule hii vinavyojulikana hata leo kwa K ya Bruda. Mzee mmoja aliyemaliza hapa alinionyesha chake wakati wa mkutano wa waliosoma zamani. Karatasi imekuwa ya manjano, mchwa amekula pembe moja, lakini jina lake lasomeka ng'ambo ya chumba. Nalo limeandikwa kwa mwandiko uleule wa mlazo ambao mimi niliuharibu! Herufi ya kwanza ni kubwa na ina mkono mmoja tu, nyingine zote ni ndogo, zimepeana nafasi. Mama yangu angekipangusa cheti kile kwa furaha, na karani yeyote angekisoma.

Basi nilimwomba Mkuu wa Shule mambo haya, naye amekubali tujaribu mwaka huu. Juu ya cheti, jina la shule na neno lenyewe libaki katika herufi za mlazo, kubwa, zenye mikia yao yote. Maelezo ya tuzo yapangwe kwa herufi za wima za kawaida. Na jina la mwanafunzi liandikwe kwa mkono, kwa wino, kwa mwandiko wa Arrighi, herufi kubwa moja mwanzoni na ndogo baada yake. Kisha chini yake, kwa herufi ndogo za wima zilizochapwa, jina hilohilo tena, la ukoo kwa herufi kubwa tupu kama desturi ilivyo, kwa ajili ya karani. Mstari huo wa chini si mzuri wa kutazama, nakiri. Tumeujaribu mara nyingi na bado unaonekana kama soli iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Lakini nimeuacha.

Walakini kuna shida. Bruda anatetemeka mkono siku hizi na hawezi majina sitini. Mimi na wenzangu wawili tumejifunza tangu Januari, nasi tunaondoka mwezi wa Desemba. Mwandiko huu haujifunzwi kwa wiki moja. Nami niliudharau mwanzoni. Nilidhani mtu hutengeneza mikia, kumbe miezi miwili yote nilipigishwa mistari mifupi ya kulala, kama watoto wa darasa la kwanza, kalamu imeshikwa kwa pembe ile ile isigeuke, mpaka wembamba na unene ukaja wenyewe bila mimi kuutafuta. Arrighi husema mwili wa herufi hizi hutoka katika mraba mrefu, si mraba kamili. Nililisoma neno hilo mara moja tu, lakini mkono wangu ulilielewa baada ya karatasi mia. Nikiandika n nzuri tatu mfululizo najiona nimekula nyama.

Gharama si neno. Kalamu twakata wenyewe katika matete ya bondeni, chini ya bustani ya migomba. Unakata ncha bapa kwa kisu kikali, unapasua ufa mdogo katikati, basi. Waandishi wa pwani waliandika kwa kalamu za namna hiyo hiyo, na neno lenyewe kalamu chanzo chake ni tete. Wino twanunua chupa moja kwa muhula.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa kidato cha pili na cha tatu, na hasa yule mdogo wetu wa Arua ambaye sasa yuko kidato cha pili na ana mkono mwepesi (nimeuona katika madaftari yake), waje karakana siku ya Jumamosi baada ya usafi. Waliosoma hapa zamani, kama mnavyo vyeti vya mkono wa Bruda, tafadhali mtuletee tuvitazame siku ya mkutano wenu. Tutavirudisha siku ileile. Kalamu nne zimekwisha kukatwa, nazo ziko dirishani, upande wa kushoto wa msumeno mkubwa.

Mwanafunzi wa kidato cha sita